Faili la Mzee Amoyaw

Mume wangu Ayirebi ni fundi wa madishi hapa mjini Nkawkaw, na kwa miaka kumi na sita niliyokaa naye sijamwona akiogopa umeme wala kimo. Hupanda mapaa ya watu mvua ikitishia, koleo mdomoni, akinifokea nimshikie ngazi vizuri. Lakini mwambie diski imejaa uone anavyonywea. Maana mapenzi yake makubwa, baada yangu mimi, na kuna siku nina wasiwasi na mpangilio huo, ni maktaba yake ya video.

Maktaba yenyewe ni kompyuta ndogo nyeusi iliyokaa juu ya kabati letu la nguo, pamoja na diski mbili zinazokoroma mchana kutwa. Kutoka hapo runinga zote za nyumba hii hupata picha kwa mtandao wa ndani: yetu, ya mama mkwe chumba cha mbele, ya wifi yangu Serwaa, na ya mpangaji wetu. Ukitaka kuona ubatizo wa mwanao au mazishi ya babu yako, unabonyeza rimoti tu. Na kwetu mazishi ndiyo hurekodiwa hasa. Harusi ni ya asubuhi moja. Mazishi ni siku tatu, kuanzia maiti kulazwa hadi ibada ya shukrani Jumapili, na kila shangazi anataka aonekane akicheza. Fikiria mwenyewe mafaili yanavyokuwa manene.

Ndugu walimwomba nakala, hakutoa. "Nikikutumia kwenye simu, kesho iko kwa mji mzima," alikuwa akisema. "Njoo utazame kutoka kwangu." Alilipenda sana hilo neno, kwangu. Mimi nilikuwa namcheka, nikimwita Mkurugenzi. Sasa sicheki.

Katika mafaili yote hayo lilikuwepo moja lililotuweka chini ya paa hili. Watu wa kwetu, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba akifa, ndugu zake wa tumbo moja huja kuangalia alichoacha. Sheria ya serikali inawalinda wajane, ndiyo, lakini nyumba hii baba mkwe wangu, Mzee Amoyaw, aliijenga kwenye kiwanja cha ukoo wake, na kesi ya kiwanja cha ukoo inaweza kwenda mahakamani mpaka wajukuu waote mvi. Kwa hiyo mzee, miaka sita iliyopita, alipoona siku zake zimekwisha, alifanya kama wazee wa zamani walivyofanya. Aliita mashahidi kitandani kwake: mkuu wa ukoo wa wakati ule, Nana Boafo, mkatekista Asamani, na mdogo wake wa tumbo moja, Ntiamoah. Mbele yao akatamka kwamba nyumba na kiwanja chake ni vya mkewe Fosuaa na watoto wake. Mke mwenyewe alikuwa ametolewa nje kwa sababu ya kilio. Ayirebi alisimama na kamera akarekodi yote, dakika kumi na tisa. Siku ya tatu mzee akafa.

Baada ya mazishi, mama mkwe alitamani kumwona mumewe. Kumwona, si kumsikia. Pumzi za mzee katika video ile zilikuwa zinakwaruza, na mama alisikia pumzi mbili tu akakimbilia uani. Ndipo Ayirebi akafanya jambo la mtoto anayempenda mama yake. Akatafuta wimbo wa kwaya ya kanisa, wa taratibu, akauweka ndani ya faili lile kama njia ya kwanza ya sauti. Maneno ya mzee akayaacha kuwa njia ya pili. Ukifungua tu unasikia kwaya. Ukitaka maneno, unabonyeza rimoti na kuchagua. Mama akawa anakaa na mumewe kila Jumapili mchana, mzee anaongea bila sauti na kwaya inamwimbia. Nilipoona hivyo nilimpenda mume wangu upya, nasema kweli.

Desemba iliyopita diski zikajaa. Ayirebi akaanza kuota namba.

Video, alinieleza huku nakatakata bamia, haikai kwenye diski ilivyopigwa. Hubanwa, na namna za kubana ni nyingi. Iliyozoeleka inaitwa 264. Kila runinga inaifungua, ila inakula nafasi. Iliyofuata ni 265. Picha ileile, nusu ya nafasi, lakini runinga kuukuu haziijui, na kompyuta ya juu ya kabati inalazimika kuzitafsiria papo hapo mpaka inapata homa. Halafu ipo mpya zaidi, AV1, inayobana kuliko zote. Kwa namna hiyo alijaribu kubana mazishi ya nusu saa, kompyuta ikafanya kazi tangu asubuhi hadi tukala chakula cha jioni, na bado haijamaliza.

"Sasa shida iko wapi?" nikamwuliza. "Chagua ya katikati."

"Pokuaa, hujui unachosema. Ukikosea hapa umekosea kwa mafaili mia sita."

"Basi acha kama ilivyo."

"Na mazishi ya Pasaka niyaweke wapi? Kwenye sufuria yako?"

Alituita wote sebuleni, akatuwekea shangazi Yaaba akicheza, mara tatu, kila mara kwa namna yake ya kubana. "Mnaona tofauti?" Serwaa akasema, "Naona shangazi hachoki." Ayirebi hakucheka. Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Kinachomsumbua ni nguo. Sisi msibani tunavaa nyeusi na nyekundu nzito, watu mia tatu wamekaa kwenye kivuli cha turubai, na mbano mbaya huigeuza ile nyeusi kuwa vigae, uso wa mtu unaelea juu ya vigae. Alisema hawezi kuwafanyia hivyo marehemu wa watu. Akachagua 265, akaongeza ubora mpaka vigae vikatoweka, na nyuma ya runinga kuukuu ya mama yake akachomeka kijisanduku cha kuisaidia kusoma mfumo mpya.

Kazi ilikwenda wiki tatu. Kila faili lililogeuzwa alilikagua: anasimamisha picha, anatazama nyuso, anatazama nguo, anatikisa kichwa kwa furaha. Faili la mzee alilikagua mara mbili, nilikuwepo. Kwaya ikaimba kama kawaida, uso wa mzee ukaonekana kila kunyanzi. "Tazama," aliniambia, "utadhani yuko hapa." Kisha akafuta mafaili ya zamani, yote. Diski ya pili, ile ya akiba, ameiwekea utaratibu wa kuiga ya kwanza kila siku saa saba mchana. Ilipofika saa saba ikaiga.

Mwezi Machi, siku ya Jumatano asubuhi, Ntiamoah akatutembelea. Huyu ndiye shahidi pekee aliyekuwa bado hai. Mkatekista alitangulia zamani, na Nana Boafo tulimzika mwaka jana. Mama mkwe alikuwa uani anamenya magimbi. Ntiamoah alisimama akaizungushia nyumba macho, taratibu, kuanzia msingi hadi bati.

"Shemeji Fosuaa, umeamkaje?"

"Nimeamka salama, shemeji. Karibu ukae."

"Sikai. Nyumba imependeza. Rangi mpya hii?"

"Ya Krismasi."

"Mmefanya vizuri kuitunza." Akasafisha koo. "Jumamosi Nana Gyebi anaita ukoo. Unajua yeye mkuu mpya, anataka ajue kila kitu kilipo. Vijana wanauliza habari za kiwanja chao."

"Kiwanja kipi?"

"Hiki unachomenyea magimbi."

Kisu cha mama kikasimama. Ayirebi akatoka chumbani na fulana ya kulalia. "Baba mdogo, wewe ulikuwepo. Ulisikia kwa masikio yako."

"Mwanangu, mimi ni mzee. Mwaka ule nilisikia mengi. Na kaka yangu, Mungu amrehemu, alikuwa anaweweseka."

"Hakuweweseka hata kidogo! Na mimi mwanawe nilikuwa pale."

"Watoto ndio wala nyama. Mla nyama hatoi ushahidi wa mbuzi."

"Basi tuna video."

Ntiamoah akaacha kuitazama nyumba. Nilimwona. Kisha akatabasamu. "Vizuri. Njoo nayo. Nana Gyebi ana runinga kubwa." Akaaga kwa heshima zote akaenda zake.

Mama akarudi kwenye magimbi yake kana kwamba ni nzi tu aliyeingia akatoka. "Tuna video," akasema peke yake. Ayirebi naye akawa anacheka, anasugua mikono. Akaniambia, njoo tuisikilize mara moja, nataka nijue maneno yale yako dakika ya ngapi.

Tukakaa kitandani. Akafungua faili. Kwaya ikaanza. Akabonyeza rimoti kwenye sehemu ya sauti ili achague njia ya pili, na pale penye orodha palikuwa na mstari mmoja tu.

Alifunga akafungua tena. Mstari mmoja. Akapanda juu ya kiti, akachomoa diski ya akiba, akafungua la huko. Mstari mmoja. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu.

"Ayirebi, unanitisha. Kuna nini?"

"Ile programu," akasema. "Usipoiambia, inachukua njia ya kwanza tu. Ya pili inaiacha."

"Inaiacha wapi?"

"Inaiacha, Pokuaa. Haipo."

Sitasahau sauti ya kwaya ile ikiendelea kuimba. Mafaili mia sita hayakuwa na shida, yote yana njia moja. Ni hilo moja tu lililokuwa na mbili, na sababu ya kuwa na mbili ni huruma yake mwenyewe. Alikagua kila kitu kwa macho. Masikio yalisikia kwaya, na kwaya ndiyo aliyoizoea.

Tangu Jumatano ile hadi Jumamosi Ayirebi alitafuta kila mahali. Alijaribu programu za kufukua vilivyofutwa, zikamletea vipande vya mazishi ya watu wengine, mkono wa mtu, turubai, ng'ombe. Pale palipokuwa na faili la zamani alishaandika juu yake misiba minane mipya. Akampigia simu mtu aliyeinunua kamera ile kwake. Kadi yake ya kumbukumbu ilishapigiwa harusi zisizo na idadi. Akawapigia ndugu wote, mmoja mmoja, kwa sauti ya mzaha, eti kuna mtu aliyewahi kuchukua kipande cha video ya mzee kwa simu? Kila mmoja alimjibu jambo lilelile, wengine kwa furaha ya kulipiza: "Si ulitukataza, Mkurugenzi?"

Kilichoniua kabisa ni mama. Hatukumwambia. Alikuwa anapika, anafagia, anaimba. Alhamisi alirudi sokoni akasema wanawake wa samaki wamempa pole kwa habari za Ntiamoah, naye kawajibu wasijisumbue, mwanangu ana ushahidi wote juu ya kabati. Ayirebi aliinuka akaenda nyuma ya nyumba. Nilimfuata nikamkuta ameshika ukuta kwa viganja viwili, ukuta wa baba yake.

"Watamtoa," akasema. "Ana miaka sabini na nne na watamtoa, na ni mimi."

"Hajatolewa bado."

"Atakwenda wapi? Kwao walishakufa wote."

Hapo mimi, na sijivunii, nikamletea shauri la shetani. Nikamwambia siku hizi kompyuta inaweza kumsemesha mtu yeyote. Sauti ya mzee tunayo, alitoa hotuba ndefu kwenye harusi yetu. Si uongo, nikasema, kwani tunajua alichosema. Tunarudisha tu kilichokuwepo. Nani atajua?

Nikaona usoni mwake kwamba na yeye alishalifikiria. "Ntiamoah atajua," akasema. "Alikuwepo. Nikiweka neno moja ambalo mzee hakulisema, atasimama aseme ni feki, na atakuwa anasema kweli. Kisha hata picha hawataiamini." Akaondoa viganja ukutani. "Halafu nikimsikia baba anaongea maneno niliyoyapika mimi, nitalala wapi?"

Ijumaa alikaa mezani akaligeuza faili tena kwa 264, asije akafika kwa Nana Gyebi runinga ikagoma. "Umerudi kwa bi mkubwa," nikamtania, nikitafuta hata tabasamu la uongo. Halikuja. Tuliitazama ile picha bubu mara ishirini labda, na mara zote ishirini tuliutazama mdomo wa mzee, tukijaribu kuyachuma maneno pale kwa macho. Hayachumiki.

Jumamosi sebule ya Nana Gyebi ilijaa. Wazee viti vya mbele, wajukuu madirishani, Ntiamoah amevaa kitambaa kipya begani. Nana Gyebi ni mwalimu mstaafu, mtu mkavu, miwani puani. Hakuwepo siku ile ya kitandani na hamjui vizuri yeyote kati yetu. Mama mkwe alikaa wima kabisa, mikono mapajani, kama mtu anayengoja kupigwa picha.

Ayirebi alichomeka vifaa vyake. Waya ulikosa tundu mara tatu. Nikajua ataiwasha tu, na kusema kifaa kimeharibika njiani. Ndivyo tulivyokubaliana. Lakini aliposimama alimgeukia mama yake, si Nana.

"Mama, nisamehe. Picha ipo. Sauti nimeipoteza kwa mikono yangu mwenyewe, nilipokuwa napunguza ukubwa wa mafaili. Imebaki kwaya tu. Sikukwambia kwa sababu niliogopa."

Mama alipepesa macho, kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwingine. Sebule ikalipuka.

"Haa! Sinema ya mabubu!" Ntiamoah akapiga paja. "Nana, mmeona? Miaka sita tunatishiwa na video, kumbe ni kwaya!"

"Tulia, Ntiamoah," Nana Gyebi akasema. "Nimeambiwa kuna picha. Niwekeeni hiyo picha."

"Itatusaidia nini, Nana? Mtu anatikisa midomo. Labda anaomba uji."

"Niwekee, kijana. Na hiyo kwaya izime."

Ikawekwa. Chumba kizima kilimtazama Mzee Amoyaw akiongea bila sauti, mifupa ya uso imemtoka, mkono unainuka unaonyesha ukuta, unaonyesha mlango, unaanguka. Nana Boafo anaitikia kwa kichwa. Mkatekista amefumba macho. Na Ntiamoah yumo, miaka sita mdogo kuliko leo, amepiga magoti pembeni ya kitanda, anamfuta kaka yake mate kwa kitambaa na machozi yanamdondoka. Nilimwangalia Ntiamoah wa sebuleni. Hakuwa amejiandaa kujiona. Kile kitambaa kipya kilikuwa kimemteremka begani na hakukirudisha.

Dakika zikapita. Mzee akamaliza, akalaza kichwa. Sisi nyumbani hapo ndipo tulipokuwa tunazima, maana mdomo umefungwa. Nana Gyebi akainua kidole: acha iende. Kwenye picha mkono ukaingia kutoka upande wa kamera, mkono wa Ayirebi mwenyewe, na chupa ya kijani ya pembe nne. Nana Boafo akaipokea kwa mikono miwili. Akafungua, akamimina kidogo sakafuni, akaongea na wahenga walio chini ya ardhi, akanywa. Akampa mkatekista, akanywa. Chupa ikamfikia Ntiamoah. Akaipokea kwa mikono miwili, akamimina, akanywa, akajifuta mdomo.

"Simamisha hapo," Nana Gyebi akasema.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Ntiamoah. Hapo unakunywa nini?"

"Nana, ilikuwa siku ya uchungu. Mtu akiwa na uchungu..."

"Sijauliza uchungu. Nimeuliza kilichomo kwenye chupa."

"Pombe kali tu, Nana. Shinapsi."

"Imetoka mkono wa nani?"

Ntiamoah akaigeukia runinga.

"Imetoka kwa mtoto wa mgonjwa," Nana akajijibu. "Na mkuu wa ukoo kainywa wa kwanza, na mashahidi wamefuata kwa zamu. Mlevi wa msiba hanywi kwa zamu. Mimi nimefundisha watoto miaka thelathini na tano, najua mtu anayejifanya hajui jibu. Kuna kinywaji kimoja tu kinachotoka kwa watoto kikanywewa hivyo kitandani pa mtu, nacho ni cha shukrani. Anayekinywa amesikia, amekubali, na ukoo umekubali naye. Sasa nieleze. Ulikunywa shukrani ya zawadi gani?"

Ntiamoah alikuwa bado anaitazama runinga, pale alipogandishwa yeye mwenyewe na chupa mkononi na mashavu yenye maji.

"Izimeni," akasema kwa sauti ndogo. "Alitoa nyumba. Aliwapa. Izimeni basi."

Watu wakaanza kuongea wote kwa pamoja. Serwaa akaruka akanikumbatia, mtu akaagiza vinywaji, Nana Gyebi akaamuru iandikwe na isainiwe palepale. Tulikuwa tumeizima video ile mara ngapi kabla chupa haijaingia? Hofu inamfanya mtu awe mjinga, nasema mimi niliyekuwa mjinga.

Tulirudi nyumbani alasiri, tunatembea polepole kwa ajili ya mama. Alipofika uani alikaa kwenye kigoda chake, akafungua kilemba, akakikunja vizuri magotini.

"Ayirebi, kaa hapa."

Akakaa chini mbele yake. Alikuwa anang'aa, jasho la siku tatu limemtoka, mtu aliyeponea chupuchupu.

"Nyumba tumeipata. Mungu ni mwema. Sasa nisikilize. Siku ile mlipotoka chumbani, Nana Boafo aliniambia: Fosuaa, mumeo amesema na neno lako wewe, mwishoni, ukiwa tayari mwanao atakusikilizisha. Nikawa siwezi. Kila Jumapili najiambia, leo. Siwezi. Naiacha kwaya iimbe." Akapangusa kilemba magotini. "Mwaka huu moyo umekaa. Nilitaka Pasaka hii nikuombe uniwekee."

Ile furaha ya Ayirebi ilivyomtoka usoni, nilitamani nimfunike na kitambaa. Siku tatu tulikuwa tumeogopea kuta.

"Mama..."

"Sauti imepotea, nimesikia, umesema mbele za watu, nimekusamehe. Wewe ulikuwepo. Niambie tu. Alisema nini?"

"Alisema..." Ayirebi akalamba midomo. "Alisema tumtunze Fosuaa. Alisema, Fosuaa asisumbuliwe na mtu."

Mama akamtazama kwa upole sana.

"Fosuaa? Baba yako hakuniita Fosuaa tangu siku aliyonioa hadi anaingia kaburini. Chumbani alikuwa na jina lake la kuniita, na mashahidi wale hakuwaonea haya, namjua. Aliniitaje, mwanangu?"

Ayirebi alitazama mikono yake. Nikaona anavyotafuta ndani ya kichwa chake jinsi alivyotafuta kwenye diski, huku machozi yakimdondokea kwenye suruali.

"Sijui, mama," akasema. "Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa narekodi."